Aliyeshika Kalamu Nyekundu

4 Machi

Dada, shikamoo.

Najua ukiona mwandiko wangu kwenye bahasha unaiweka chini ya stepla mpaka umalize wateja wote. Leo nakuomba uanze na mimi, nina haraka.

Naomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika mawasiliano. Usicheke. Miaka mitano nimekaa huduma kwa wateja nikisikiliza watu wakitukana simu zao, mpaka "samahani kwa usumbufu" naisema hata nikikanyagwa mimi. Nataka kutoka. Mhadhiri wangu wa zamani amekubali kuniandikia barua ya mapendekezo. Amesoma na maelezo yangu binafsi, akasema hayo ndiyo yatakayoniingiza, maana tunaoomba ni wengi na wanaochukuliwa ni kumi na wawili. Nikikosa mwaka huu nitakuwa nimevuka umri wa ufadhili, na basi tena.

Chuo hakitaki mambo ya mtandaoni. Kinataka kila kitu kwenye karatasi, kimefungwa pamoja, kila ukurasa umegongwa muhuri wa wakili, na cheti halisi cha shahada ya kwanza kiambatanishwe. Cheti kiko kwenye kabati la chuma la mama, rafu ya juu, ndani ya bahasha ya kaki. Wakili unaye hapo mlango wa pili. Faili nimelituma kwenye barua pepe ya duka. Chapa kwenye karatasi nzito, si zile unazowapa wanafunzi. Ukurasa wa tatu usijisumbue kuusoma, ni mambo ya kitaaluma tu. Mwisho wa kupokea ni tarehe 31, saa sita mchana. Weka kwenye basi, nitapokea stendi.

Msalimie mama.

Mdogo wako,
Redio


9 Machi

Redio,

Umenipigia mara tisa tangu juzi. Nimeiona simu ikiita, nimeiacha iite. Kwetu mambo mazito huandikwa, na wewe unajua kwa nini, tena sasa unataka kuyasomea.

Mtu akiniambia usisome, mimi nasoma. Isitoshe anayechapa lazima aangalie kama wino umeshika mpaka chini. Nikaangalia. Nikakuta hivi, na nakunukuu neno kwa neno nisije nikasingiziwa:

"Mama yangu alipoteza uwezo wa kusikia kwa homa ya uti wa mgongo nilipokuwa na miaka kumi na moja. Tangu hapo tulizungumza naye kwa daftari: sisi tuliandika, yeye alijibu kwa mdomo. Baba alipotutelekeza, aliyemwarifu mama ni dada yangu mkubwa. Hakumketisha, hakumshika mkono. Aliandika sentensi mbili kwa herufi kubwa, akaliacha daftari wazi mezani kama mtu anayebandika tangazo la kukatika maji, akaondoka. Siku hiyo nilielewa kuwa mawasiliano yasiyo na huruma ni ukatili, na ndiyo sababu naomba kujiunga na programu yenu."

Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani macho yananichezea. Mara ya pili nikakaa kwenye kiti cha wateja. Kuna mzee aliniuliza kama mashine imeharibika, nikamwambia ndiyo, akaenda zake na vitambulisho vyake.

Wewe una roho ya namna gani? Sentensi zile ziliandikwa kwa wino mwekundu. Mwekundu ulikuwa wako. Mimi bluu, wewe mwekundu. Mama mwenyewe ndiye aliyetugawia ili ajue nani anasema, kwa kuwa sote tuliandika kwa herufi kubwa asiumize macho na miandiko ikafanana. Miaka kumi na minne nimekaa na jambo hilo kifuani. Sikukugombeza, sikukuuliza. Nilisema huyu ni mtoto wa miaka kumi na mitatu, hakujua afanyeje. Nikakufichia. Leo unalivua tendo lako unanivika mimi, unalipeleka kwa maprofesa, na unataka likagongwe muhuri na wakili ninayekunywa naye chai kila asubuhi.

Karatasi nzito ipo. Haichapwi kitu.

Dada yako


13 Machi

Dada,

Umeandika vizuri. Ungeomba wewe hiyo nafasi wangekupa siku hiyo hiyo.

Hebu tuache maigizo. Kalamu nyekundu haikuwa imeshonewa mkononi mwangu. Ilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya friji, pamoja na yako, na mtu yeyote mwenye mkono angeweza kuichukua. Mimi sikuandika. Nilirudi sebuleni nikakuta daftari liko wazi na mama amekaa mbele yake, mikono mapajani. Nikaona rangi yangu. Unajua ilivyo kuona rangi yako imetumika kwa jambo ambalo hukulifanya, ukiwa na miaka kumi na mitatu? Nilijua papo hapo: dada ameona kazi ni ngumu, ameazima kalamu yangu ili lawama zije kwangu. Sikusema kitu. Kwa hiyo kama ni kufichiana, mimi nilianza.

Na nani aliyepokea simu ya baba? Wewe. Mimi nilibandika sikio upande wa pili, nikadaka "mwambieni mama yenu sirudi", mengine yakaenda kwako. Angeweza kutuma meseji, mama angeisoma mwenyewe. Alipiga kwa sababu alijua mama hasikii, akatuachia sisi. Kwa hilo angalau hatugombani. Lakini daftarini kulikuwa na sentensi mbili: BABA HARUDI. ANA MKE NA MTOTO HUKO. Habari ya mke na mtoto mimi niliisoma pale mezani, kama mama alivyoisoma. Mwenye kuisikia ni yule aliyeshika simu.

Tangu siku ile mama akawa wako. Benki wewe, hospitali wewe, kwenye vikao vya ukoo wewe, Waziri wa Masikio. Mimi nikija likizo natazamwa kama mtu aliyekuja kusoma mita. Nikimwandikia mama kitu, unakisoma begani kwanza uone kama kinafaa. Usinifundishe habari za roho.

Aya haitoki. Mhadhiri amesema bila hiyo maelezo yangu ni kama ya kila mtu. Nitumie cheti. Kina jina langu, si lako.

Redio


17 Machi

Redio,

Hata shikamoo imekushinda. Sawa.

Mama hakuwa wangu. Mama aliachwa mikononi mwangu, na hayo ni mambo mawili tofauti. Nilikuwa kidato cha mwisho. Niliacha kwa sababu daktari alikuwa akimweleza mambo, naye anaitikia kwa kichwa bila kuelewa hata moja, halafu anarudi nyumbani kumeza dawa za mtu mwingine. Ilibidi mtu akae pembeni na kalamu. Wewe ulipelekwa kwa mjomba ukasome. Nilikufungia begi mimi, na hukugeuka hata kunipungia. Leo ndiye unayejua mawasiliano.

Sasa soma polepole. Baba alisema "sirudi". Mimi nikamuuliza, "Hurudi?" Simu ikakatika. Hapo hapo. Hakukuwa na mke, hakukuwa na mtoto. Nilipoiona sentensi ya pili nikasema huyu mtoto ameongeza chumvi, amemtungia baba familia nzima ili mama amchukie haraka. Baadaye ikaja kuwa kweli, na hapo ndipo iliponichoma zaidi. Nikaona kumbe baba alikuwa amekuambia wewe siku nyingi, mwanaume mwenzake, mkaniacha mimi niwe wa mwisho kujua ndani ya nyumba yangu.

Na mimi nilikuwa najiandaa kumwambia. Nilikuwa na karatasi yangu ya pembeni. Nimeandika kwa bluu, nikaichana, nikaandika, nikaichana, mara nne. Nilitaka nimketishe. Nilitaka nimshike mkono, hayo hayo unayowaambia maprofesa sikuyafanya. Ukaniwahi na maneno saba ya mwanzo yaliyokujia kichwani.

Cheti nimekitoa kabatini nikakiweka pengine. Futa hiyo aya, andika kwamba ulikuwa wewe, utakipata kesho yake. Usipofuta, tarehe 31 itapita kama zinavyopita tarehe nyingine, na wateja wako wa kutukana simu watakuwepo Jumatatu.

Dada yako


20 Machi

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Mimi ni mzima, kazi inaenda. Utaona nimeandika kwa herufi kubwa kama zamani, ingawa najua una miwani mipya.

Nina ombi dogo. Naomba nafasi ya kuendelea na shule, na ninahitaji cheti changu, kile cha kwenye bahasha ya kaki. Kabatini hakipo, nadhani dada alikihamisha alipokuwa anapanga vitu. Angalia chumbani kwake. Ukikipata, mpe kondakta wa basi la asubuhi, nitakipokea mwenyewe. Dada usimwambie. Ana kazi nyingi dukani msimu huu wa mitihani, sitaki kumsumbua, na nataka nimfurahishe nikishapata nafasi.

Hatujagombana wala nini.

Mwanao,
Redio


25 Machi

Wanangu wote wawili,

Barua hii nimeiandika mara mbili kwa mkono. Moja nimeiweka chini ya sahani ya dada yako, nyingine imepanda basi. Msije mkasema mmoja alipewa zaidi.

Redio, nilipofika kwenye "hatujagombana" nikajua mmegombana. Cheti nimekikuta chini ya godoro la dada yako, mahali anapofichia vitu tangu ana miaka saba na anadhani sijui. Pamoja nacho zilikuwepo barua zako, ukurasa wako wa chuo, na nakala za barua zake mwenyewe, maana mtu wa fotokopi hatumi kitu bila kubaki na nakala. Nimevaa miwani, nimekaa kitandani kwake, nimesoma zote.

Hakuna kati yenu aliyeandika. Niliandika mimi.

Hamkunifikiria kwa sababu kwenye daftari lile sikuwahi kuweka hata nukta. Mimi nilikuwa na mdomo. Siku baba yenu alipopiga, nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la nguo. Nilimwona dada yako akisema "Hurudi?" Neno hilo halihitaji masikio. Nikangoja mniambie. Siku ya kwanza mkaniandikia MAMA SABUNI IMEISHA. Siku ya pili JIRANI ANAUZA KABATI. Siku ya tatu Redio akanijazia ukurasa mzima habari za mpira, wewe ambaye hata golikipa humjui, na dada yako akasukuma sahani mbali tangu asubuhi. Mlikuwa mnakonda mbele ya macho yangu kwa kubeba kitu ambacho mimi nilishakuwa nacho. Habari ya mke na mtoto niliijua mwaka mzima kabla. Nilikuta kadi ya kliniki ya mtoto mchanga kwenye mfuko wa koti la baba yenu, jina la baba limeandikwa wazi. Nikairudisha kadi, koti sikulifua.

Nikasema mkikuta limekwisha kuandikwa, kila mmoja atajua mwenzake amesema, mtapumua, mtakula. Nikaenda kwenye kopo nikachukua kalamu iliyokuwa mbele. Ilikuwa nyekundu. Sikuchagua, wala sikukumbuka ni ya nani, siku hiyo sikuwa na akili za rangi. Nikaandika kwa herufi kubwa kama zenu, nikakaa mbele yake kama mtu aliyeambiwa sasa hivi.

Sikujua nimewatia ugomvi wa miaka yote hii. Hilo ni kosa langu, nalisema bila kuzunguka. Nikaona dada yako amekuwa mkali na wewe umekuwa mgeni, nikadhani ni mambo ya baba yenu. Lakini na ninyi. Mna masikio manne yanayofanya kazi, na miaka kumi na minne hakuna aliyemuuliza mwenzake swali moja. Nilikuwa nadhani kiziwi wa nyumba hii ni mimi.

Redio, ile aya inamsema mtu aliyeacha daftari mezani bila huruma. Sasa umemjua. Ukitaka kuiacha iache, ila weka jina linalostahili. Mimi sitakasirika, nimeshasemwa na watu wengi nisiowasikia.

Cheti sikitumi. Nimekirudisha chini ya godoro. Atakituma aliyekificha.

Mama yenu


27 Machi

Redio,

Cheti kimo ndani, kati ya kadibodi mbili, usikikunje. Kurasa zote zimegongwa muhuri isipokuwa wa tatu. Huo nimeutoa. Nimekuwekea karatasi nzito tatu tupu, utaandika unachojua kuandika, na wakili utamtafuta wa huko.

Sijakusamehe, tuelewane. Hasira niliyokuwekea ni ya siku nyingi, haitoki kwa barua moja hata ikiwa ya mama. Naamka nayo, nafungua duka nayo. Sasa nimeambiwa haikuwa na mwenyewe, na sijui niipeleke wapi. Jana nilimwandikia mama daftarini, kwa bluu, kwa nini hakutuambia ni yeye. Akanijibu kwamba hatukumuuliza. Halafu akaniambia nimekosea kumenya viazi, naacha macho, na mazungumzo yakaishia hapo.

Na ile habari ya kuazima kalamu yako ili upate lawama, umeiamini tangu una miaka kumi na mitatu. Umekuja likizo ngapi, umekula mikononi mwangu, ukiiamini. Hiyo nayo ni ya kwako, usimsingizie mama.

Swali moja, kwa kuwa tumeambiwa hatuulizani. Siku ile daftari lilipoachwa wazi, ulikuwa wapi? Mimi nilikuwa jikoni. Nilikuwa naosha sahani moja tu, ile yenye ufa, naiosha na kuiosha mpaka vidole vikakunjamana, kwa sababu nikitoka pale ilikuwa lazima niingie sebuleni nimwambie.

Jibu kwa barua. Simu bado sipokei.

Dada yako


31 Machi

Dada, shikamoo.

Nimefikisha leo saa tano na nusu. Yule bibi wa dirishani hakutaka kupokea, kwa sababu ukurasa wa tatu nimeuandika kwa mkono, kwa wino mwekundu. Akaniuliza kama hayo ni masahihisho. Nikamwambia ndiyo. Akaugeuza huku na huku, akaona muhuri wa wakili, akapokea.

Mhadhiri nilimwonesha jana. Amesema nimeharibu, kwamba hadithi ya kwanza ilikuwa na mtu mbaya na hii haina, na jopo litasoma likose la kushika. Inawezekana nimejimaliza mwenyewe. Jibu litatoka mwezi wa sita. Nakala yako nimeiambatanisha, uisome yote, hakuna ukurasa nilioukataza.

Cheti kuwekwa chini ya godoro sijapenda, kimepata alama ya chaga za kitanda. Na lile la kunisomea begani nililokuandikia sijalifuta, ni kweli na utaniambia siku moja kwa nini. Kwamba nilikuamini vibaya miaka yote hiyo, hilo ni la kwangu, umesema sawa, silipeleki kwa mama.

Umeniuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa chini ya kitanda chako. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, nikawa nakusikia: maji, sahani, maji, sahani. Nilijiambia dada akimaliza kuosha atakwenda kumwambia mama, na mimi nitatoka niende nikae naye. Nikangoja. Ulikuwa humalizi.

Mdogo wako,
Redio